Lowell: walihudumiana kabla hawajapona

Januari 2022 madiwani wa jiji la Lowell, jimbo la Massachusetts, walimchagua mwenzao Sokhary Chau kuwa meya. Hakuna Mmarekani mwenye asili ya Kambodia aliyewahi kushika umeya Marekani kabla yake. Magazeti yakasimulia maisha yake kwa mkondo mmoja: baba alikuwa kapteni wa jeshi, akauawa mwaka 1975 na Khmer Rouge, wakomunisti walioiteka Kambodia; mama akabaki na watoto saba, akawavusha wote wakiwa hai; kijana akapata ufadhili katika shule ya Phillips Academy, akaenda chuo kikuu, akaingia siasa, akawa meya.

Yote hayo ni kweli na yanastahili heshima. Lakini ukisoma hivyo tu utadhani mtoto alitoka kambi ya wakimbizi akapanda ngazi moja kwa moja hadi ofisi ya jiji. Kati ya kambi na ofisi ile kuna takriban miaka arobaini ya kazi ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote: waliosoma barua za wenzao, waliokaa hospitalini kutafsiri, waliochanga pesa za hekalu, waliokwenda kwenye vikao vya shule wakiwa hawajui Kiingereza. Uchambuzi huu ni wa miaka hiyo. Hoja yangu ni moja. Wengi wetu hudhani mkimbizi hupona kwanza, akishatulia ndipo huanza kuitumikia jamii. Lowell mambo yalikwenda kinyume: watu walihudumiana wakiwa bado wagonjwa, na huduma hiyo ndiyo iliyowainua.

Walikotoka

Khmer Rouge waliingia Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, tarehe 17 Aprili 1975. Ndani ya siku chache wakazi wa mji mzima walifukuzwa kwa miguu kwenda mashambani, wakiwemo wagonjwa waliotolewa vitandani hospitalini. Majeshi ya Vietnam yalipouteka mji tarehe 7 Januari 1979, watu wapatao milioni 1.7, kama robo ya wananchi wote, walikuwa wamekufa kwa kuuawa, njaa, maradhi na kazi za sulubu.

Idadi hiyo inajulikana. Kinachosahaulika ni nani walilengwa zaidi: walimu, madaktari, maofisa, wasanii, watawa wa Kibudha. Kwa hiyo waliovuka mpaka wa Thailand na kuingia kambi kama Khao-I-Dang, iliyofunguliwa Novemba 1979, walikuwa kwa sehemu kubwa wakulima, wajane na watoto. Wako walioandikiwa tarehe ya kuzaliwa kuwa 1 Januari kwa sababu karani alihitaji kujaza fomu na wao hawakuwa na hati yoyote. Jamii nyingi za wakimbizi hufika ugenini na wasomi wao wachache wa kuwasemea. Wakambodia walifika wakiwa wamekatwa kichwa hicho makusudi.

Sheria ya wakimbizi iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwezi Machi 1980 ilifungua mlango, na hadi katikati ya miaka ya 1990 Wakambodia wapatao 150,000 walikuwa wameingia Marekani. Wengi walipitia kwanza kituo cha Bataan, Ufilipino, kwa miezi kadhaa ya kujifunza Kiingereza na namna ya kuishi Marekani. Msaada wa fedha wa miezi 36 waliotengewa wakimbizi mwanzoni ulipunguzwa mwaka 1982 ukawa miezi 18. Mjane aliyetoka kijiji cha mpunga, asiyejua kusoma hata Kikhmer, lugha yake mwenyewe, akapewa mwaka mmoja na nusu ajitegemee.

Kwa nini Lowell

Serikali haikuwapeleka Lowell. Mpango wake ulikuwa kuwatawanya katika miji kadhaa, Boston ikiwa mmojawapo, ili mzigo usiulemee mji mmoja. Wao wakahama tena, kwa hiari yao, wakatafutana. Lowell iko kama kilomita 40 kutoka Boston, kando ya mto Merrimack, na ilikuwa na vitu viwili walivyovihitaji.

Cha kwanza ni kazi. Mji ule ulijengwa karne ya 19 kwa ajili ya viwanda vya nguo vilivyoendeshwa kwa maji ya mifereji. Msomaji wa pwani yetu ana uhusiano nao bila kujua: marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichojaa masoko ya Unguja na kusafirishwa bara na misafara, kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, vya Lowell vikiwemo. Viwanda hivyo vilikufa katika karne ya 20, lakini miaka ya 1980 kampuni ya kompyuta ya Wang Laboratories ilikuwa na makao yake makuu hapo, na eneo zima lilikuwa likitafuta mikono. Kuunganisha vipande vidogo kwenye bodi za kompyuta kulihitaji macho, vidole na subira. Kiingereza cha kuunga kiliwatosha.

Cha pili ni hekalu. Katikati ya miaka ya 1980 hekalu la Trairatanaram lilianzishwa North Chelmsford, jirani kabisa na Lowell. Kwa Mbudha wa Kambodia, palipo na watawa ndipo penye mahali pa kuwapa sadaka kwa niaba ya wafu. Na hakuna familia iliyokuwa haina wafu, wengi wao wasiozikwa. Simu zikapigwa kutoka Texas, kutoka Pennsylvania: kuna kazi, kuna watawa, njooni. Familia ya Chau yenyewe ilipokewa kwanza Pittsburgh kwa msaada wa kanisa Katoliki, ndipo ikahamia Lowell. Leo mji huo una jamii ya Wakambodia inayoshika nafasi ya pili kwa ukubwa Marekani, baada ya Long Beach, California.

Hapa kuna somo ambalo wapangaji wa misaada hulikosa mara kwa mara. Kuwatawanya wakimbizi kunapendeza kwenye ramani ya ofisi, lakini aliyepoteza ukoo hawezi kujijenga akiwa peke yake ghorofani katika mji ambao hakuna hata mmoja anayejua kumfanyia arubaini marehemu wake.

Meza, kiti na bahasha

Mwaka 1984 ilianzishwa Cambodian Mutual Assistance Association, maarufu kama CMAA. Jina zima linaeleza kazi: chama cha Wakambodia cha kusaidiana. Kilikuwepo kwa sababu mtu alikuwa anapokea bahasha na hajui kama ni bili ya umeme, notisi ya mwenye nyumba au wito wa mahakama. Anaileta mezani, mwenzake aliyeokota Kiingereza kidogo kambini anaifungua, anasoma, anapiga simu. Siku inayofuata ni fomu ya shule, kisha mahojiano ya kazi, kisha mtoto aliyekamatwa na polisi.

Ukiitazama meza hiyo kwa karibu utaona jambo ambalo ripoti haziandiki. Aliyekaa upande wa kusaidia hakuwa na tofauti na aliyekaa upande wa kusaidiwa. Wote wawili walizika ndugu au walishindwa kuwazika. Hakukuwa na kundi lililopona la kulihudumia kundi linaloumwa, kwa sababu waliopaswa kuwa wahudumu walikuwa wameuawa. Aliyejua maneno mia mbili ya Kiingereza ndiye aliyekuwa mkalimani, na cheo hicho kikamfanya ajue mia nne. Mjane aliyeombwa apike chakula cha sherehe ya hekalu alikuwa na mahali anapohitajika Jumamosi. Huduma iliwapa watu sababu ya kuamka.

Mwaka 1986 wakimbizi wachache wakiongozwa na Tim Thou walianzisha Angkor Dance Troupe kufundisha watoto ngoma za Kikhmer. Kuna watu wataona ngoma ni pambo. Mimi naona ilikuwa kazi ya dharura. Wachezaji na walimu wengi wa ngoma hizo waliangamizwa, na mafunzo yake hupita kwa mwalimu kuushika mkono wa mtoto na kuvipinda vidole kimoja kimoja. Kizazi kimoja kikikosa kushikwa mkono, basi.

Fedha nazo. Wakambodia wa Marekani, hasa waliofungua maduka ya donati California, walipata mtaji kwa upatu, sawa kabisa na huu wa kwetu wenye kijumbe wake, isipokuwa kwao mara nyingi anayepokea ni yule aliyekubali kuacha riba kubwa zaidi kwa wenzake. Benki isingemkopesha mtu asiye na historia ya mkopo. Jirani aliyevuka naye mpaka alimkopesha. Upatu ule pia uliwaumiza watu pale kijumbe alipotoroka na fedha, na hapakuwa na mahakama ya kumdai.

Mwaka 1987

Hadi hapa kisa kinaweza kusomeka kama cha watu wanyenyekevu waliojikaza na kushukuru. Shule ndizo zilizobadilisha mambo.

Majira ya joto ya 1987 watoto wapya wa Kusini-Mashariki mwa Asia walikuwa wakiandikishwa Lowell kwa makumi kila wiki. Shule zilifurika, na jiji likawaweka watoto wa wageni katika vyumba vya muda nje ya majengo ya kawaida, mbali na wenzao wazungu. Mjumbe wa kamati ya shule alidai hadharani kwamba Kiingereza peke yake ndicho kitumike. Mwezi Septemba mwaka huohuo mvulana Mkambodia wa miaka 13 alisukumwa mferejini na mtoto mwingine, akafa maji. Mtoto aliyeokoka Khmer Rouge alifia kwenye mfereji wa mji uliompokea.

Mwaka huohuo wazazi wa Kikambodia, Kilao, Kivietnam na Kilatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, waliunda umoja wao, wakaishtaki kamati ya shule wakidai elimu sawa na ya lugha mbili. Pima uzito wa kitendo hicho. Hawa ni watu waliotoka nchi ambako kuonekana, kusema, hata kuvaa miwani, kungeweza kumgharimu mtu maisha. Mafunzo yote ya miaka ile minne yalikuwa nyamaza ili uishi. Miaka michache tu baadaye wamesimama mbele ya viongozi weupe, kupitia mkalimani, wakisema mnachofanya si haki. Sijui uponyaji gani mwingine ungepimika wazi kuliko huo.

Na angalia walisimama na nani. Kama Wakambodia wangekwenda peke yao wangesikilizwa kama wageni wenye malalamiko. Walipokwenda pamoja na Walatino ambao baadhi walikuwa raia wa kuzaliwa, hoja ikawa ya wakazi wa Lowell. Mtindo huo wa kushikana utarudi baadaye katika kisa hiki.

Mwili unaokumbuka

Kiwewe hakikuondoka kwa sababu watu walipata kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu Wakambodia watu wazima wa Long Beach, miongo miwili baada ya kuhamia Marekani, ulikuta asilimia 62 wana dalili za maradhi ya kiwewe na asilimia 51 wana sonona. Ni jamii nyingine, lakini historia ni ileile.

Nyumbani mgonjwa alipakwa mafuta mgongoni, kisha ngozi ikakwaruzwa kwa ukingo wa sarafu hadi mistari myekundu ikajitokeza, dawa ya mafua, homa na kizunguzungu. Mtoto akienda shule na mistari hiyo, mwalimu aliona kipigo. Wako wazazi waliojikuta wanahojiwa kwa kumtesa mtoto waliyekuwa wanamtibu. Hospitalini, mtoto wa miaka kumi ndiye aliyemweleza daktari matatizo ya uzazi ya mama yake, kwa sababu ndiye pekee aliyejua Kiingereza. Si mama wala mtoto anayetoka salama katika chumba hicho.

Jibu la Lowell lilikuja mwaka 2000: Metta Health Center, kitengo cha Lowell Community Health Center, kilichofunguliwa kwa ajili ya Wakambodia na majirani zao wa Asia. Walioajiriwa walijua Kikhmer, watawa walihusishwa, na tiba za jadi ziliheshimiwa badala ya kukemewa. Aliyekataa kabisa kusema ana ugonjwa wa akili alikubali kusema hapati usingizi, na huduma ikaanzia hapo. Mwaka 2001 sheria ya jimbo iliyotaka hospitali ziwe na wakalimani kwa wagonjwa wa dharura ikaanza kutumika. Baadaye kituo kizima cha afya kilihamia katika jengo la kiwanda cha zamani cha nguo, kile cha Hamilton.

Kituo kama Metta kisingewezekana bila ile meza ya 1984. Daktari anaweza kuajiriwa kutoka popote. Mtu ambaye bibi wa Kikambodia atamwamini na kumsimulia usiku wake haajiriwi kwa tangazo. Huyo alikuwa tayari ametengenezwa na miaka ya kusoma bahasha.

Kuhesabiwa

Rithy Uong, mshauri wa wanafunzi katika sekondari ya Lowell, alichaguliwa diwani mwaka 1999, Mkambodia wa kwanza katika baraza hilo. Baada yake nafasi ilikuja na kupotea. Mwaka 2014 Rady Mom alichaguliwa kuingia bunge la jimbo, wa kwanza wa asili yake katika Marekani nzima. Hata hivyo ilipofika 2017, jiji ambalo karibu nusu ya wakazi wake hawakuwa wazungu lilikuwa na baraza la wazungu watupu.

Chanzo kilikuwa mfumo. Madiwani wote tisa walichaguliwa na jiji zima, kwa hiyo kundi lenye kura nyingi kidogo liliweza kujaza viti vyote. Mei 2017 wakazi wa Kilatino na wa Kiasia walifungua kesi kwa pamoja chini ya sheria ya haki ya kupiga kura, uleule mshikamano wa 1987, baadhi yao wakiwa wa kizazi kilichokuwa shuleni enzi hizo. Jiji lilikubali suluhu mwaka 2019. Mfumo mpya ukaweka viti 11, vinane vya kata na vitatu vya jiji zima, na uchaguzi wa kwanza ukafanyika Novemba 2021. Wakambodia watatu wakashinda: Sokhary Chau, Vesna Nuon na Paul Ratha Yem. Mwaka mmoja kabla, Vanna Howard alikuwa amekuwa mwanamke wa kwanza Mmarekani mwenye asili ya Kambodia kuchaguliwa katika bunge la jimbo lolote.

Wasiojua siasa za Lowell waupime umeya ule kwa kipimo chake. Shughuli za kila siku za jiji zinaendeshwa na meneja anayeajiriwa na baraza. Meya huongoza vikao vya baraza na vya kamati ya shule. Lakini kumbuka kamati ya shule ilikuwa nini mwaka 1987. Kwa wazazi wale, kumwona mtoto wao kwenye kiti kile kulikuwa na maana kuliko mamlaka yoyote.

Kwangu dalili kubwa zaidi ilikuja kimya zaidi, mwaka 2024, Rady Mom alipong'olewa katika kura za mchujo na Tara Hong, naye mwenye asili ya Kambodia. Jamii iliyowahi kushangilia kupata mwakilishi mmoja sasa inabishana yupi anafaa.

Walioachwa

Kisa hiki kina upande usiopona, na kuuficha ni kuwadhulumu. Wang Laboratories iliomba kinga ya kufilisika mwaka 1992 na ajira zikaporomoka. Watoto waliolelewa na wazazi walionyamazishwa na kiwewe, katika mitaa maskini, wakionewa shuleni, wengine waliingia magenge. Wako waliohukumiwa wakiwa vijana wadogo na kutumikia vifungo vyao. Sheria ya uhamiaji ya 1996 ikafanya makosa mengi kuwa sababu ya kufukuzwa, na mwaka 2002 Kambodia ikakubali kuwapokea. Tangu hapo mamia wamepelekwa nchi ambayo baadhi yao hawajawahi kuiona, kwa kuwa walizaliwa kambini Thailand.

Kosa dogo la kiutawala limechangia sana. Wazazi wengi hawakujua kwamba ukimbizi na kadi ya kijani, kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu, si uraia. Mtoto chini ya miaka 18 angepata uraia kupitia mzazi aliyeapishwa; mzazi aliyeogopa mtihani wa Kiingereza alimwachia mwanawe hatari ambayo ingelipuka miaka ishirini baadaye. Madarasa ya uraia yalikuwepo, lakini kasi yake iliongezeka mwaka 1996, pale misaada ya wazee na walemavu wasio raia ilipotishiwa kukatwa. Kwa vijana wengi ilikuwa imechelewa.

Hapa nitasema wazi kwa Wakongo na Warundi waliotoka Nyarugusu na kambi nyingine wakapelekwa Marekani, wengine hapohapo Lowell. Mmefika mji wenye zahanati iliyokwisha kuzoea wakalimani na kata zilizochorwa upya. CMAA yenyewe siku hizi inataja katika malengo yake Wakambodia pamoja na jamii nyingine za wachache. Mradi wa kilimo wa New Entry ulioanza 1998 ukiwasaidia wakulima wa Kikambodia na wa Kihmong, watu wa milima ya Laos, waliojipatia soko kwa kuuza majani machanga ya njegere, umewafungulia mashamba Waafrika pia. Tumieni hivyo vyote. Lakini fomu ya uraia ijazwe mara tu miaka mitano ikitimia, kabla mtoto hajafika 18, hata kama mzazi anaona Kiingereza chake hakijatosha. Kaeni naye mezani mumfundishe maswali ya mtihani jioni baada ya kazi, na anayejua zaidi asingoje aombwe.